Aliyeupikia Uwanja wa Malkia

Ng'ombe wa Malkia walichinjwa pale pale nilipopanda mbaazi. Ukihesabu mistari mitatu kutoka barabarani, hapo ndipo damu ilipomwagika, na mbaazi za hapo huwa ndefu kuliko zingine. Mwanangu ambaye ni mwalimu anasema ni mbolea ya kawaida tu. Haya, na iwe ya kawaida. Mimi najua ilivyopatikana.

Ninaandika haya kwa sababu mwaka huu, sikukuu ya Uhuru, kuna mzee alipanda jukwaani pale sokoni, akavishwa shada la maua shingoni, akasimulia alivyoteseka wakati wa Emajensi, ile Hali ya Hatari ya wakoloni. Nilikuwa nimeketi chini kwenye nyasi na wanawake wenzangu. Tuliangaliana. Jina lake sitaliandika, kwa sababu wajukuu wake wanasoma darasa moja na wangu, na mtoto hachagui babu. Lakini kazi yake nitaiandika: alikuwa karani wa chifu. Aliyemsingizia mume wangu kwa serikali ni karani wa chifu. Aliyelitaka shamba langu ni karani wa chifu. Na aliyemfungulia mlango ni shemeji yangu, ndugu ya mume wangu, tumbo moja. Ni hao wawili. Wengine walinyamaza tu, na nao nawajua, lakini wa kunyamaza ni wengi mno, nikianza nao nitamaliza daftari.

Mume wangu alikuwa mfanyakazi wa reli Makindu, kwenye gengi ya kubadilisha mataruma. Mwisho wa mwezi alikuja nyumbani kwa lori mpaka njia panda, na kutoka njia panda mpaka mlangoni hakuwa na safari, kwa sababu shamba letu lilianzia hapo hapo barabarani. Ndilo baba mkwe alilomgawia. Tambarare, nusu limelimwa, nusu bado kichaka cha miiba na visiki ambavyo mume wangu alisema atavimaliza akipata likizo. Karani aliliona akalipenda. Alitaka kujenga duka na hoteli ya chai kwa ajili ya watu wa malori. Alimwomba mume wangu auze, mume wangu akamwambia shamba la baba haliuzwi, wakaachana wakicheka. Hazikupita wiki nyingi, askari wakaenda Makindu wakamtoa mume wangu kwenye mstari wa kazi, kwamba amekula kiapo cha waasi. Mume wangu, mtu ambaye hata pombe alikuwa anamwaga chini ya kiti ili asionekane amekataa.

Nilienda Makindu kumtafuta, mtoto mgongoni. Hakuna aliyejua amepelekwa wapi. Nilikuta watu wanaingia hekalu la Masingasinga kula, nikaingia nami, nikapewa dengu na chapati, na hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Nilikula nikilia. Kisha nikarudi nyumbani, maana mvua zetu za kupanda ni za mwezi wa kumi na moja, na shamba halimngojei mtu.

Hapa lazima nieleze jambo moja, kwa msomaji asiye wa kwetu. Ukambani tuna mwethya. Ukiwa na kazi inayokushinda, kuvunja kichaka au kujenga nyumba, unaita wenzako, wanakuja na majembe yao, nawe unapika. Kesho ni zamu ya mwingine. Asiyekuja bila sababu, kikundi kinaenda kwake kikiimba, kinachukua chungu chake kilicho kizuri, naye hakipati tena mpaka aombe radhi. Sheria zake ni chache. Iliyo kubwa ni kwamba aliyepika ndiye mwenye kazi. Jembe laweza kuwa la huyu, wazo la yule, lakini mwenye kazi ni yule ambaye moto ni wake.

Emajensi ilipoingia, mwethya ulikatazwa. Wanawake watano wakionekana pamoja na majembe, askari kanga, polisi wa chifu, anauliza mnapanga nini. Kila mmoja akawa analima peke yake kama mchawi. Na mimi, mke wa mtu aliyekamatwa, hata jirani alinisalimia akiangalia kando. Kile kichaka kilinitazama kila asubuhi nikifungua mlango.

Ndipo ikaja habari kwamba Uingereza kuna Malkia mpya, atavikwa taji, na kila lokesheni, yaani eneo la chifu, ifanye sherehe. Karani aliita baraza. Alikuwa na kalamu juu ya sikio na kofia ya jua. Alisema wanawake wa hapa wamejitolea kutengeneza uwanja, kupamba barabara, kujenga kibanda cha wageni na kufundisha ngoma, na Bwana DC, mkuu wa wilaya, atakuja mwenyewe. Kiongozi wa mwethya wetu alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye firimbi ya bati shingoni, ambaye sote tulimwita mwaitu, yaani mama yetu. Aliinuka akauliza, kwa adabu kabisa, ni nani amejitolea, maana yeye hakumbuki.

"Nyinyi nyote," karani akasema. "Na asiyejitolea atatoa mbuzi."

Watu walicheka, hata askari. Kisha akasema uwanja utakuwa njia panda. Akalionyesha shamba langu kwa kalamu. Akasema mwenye shamba hayupo, lakini ndugu yake amekubali kwa niaba ya ukoo na ameweka kidole kwenye karatasi. Nilimtafuta shemeji yangu kwa macho. Alikuwa ameinama, anakuna mguu usiowasha.

Basi mjue nilivyokuwa siku ile. Likifanywa uwanja wa serikali, halitarudi. Kila mtu alijua hivyo. Mume wangu akitoka huko aliko, atashuka njia panda akute duka la karani, na mimi na watoto tutakuwa vibarua wa watu. Nilikuwa na muda mpaka mvua za mwezi wa kumi na moja kulipata shamba langu, au nisilipate tena.

Siku ya kwanza ya kazi tulikuja wanawake wengi sana. Barua ya ruhusa ilikuwa imebandikwa kwenye mti, na askari kanga mmoja na bunduki yake aliketi chini ya mti huo huo kutulinda, au kujilinda. Karani alisema serikali itatulisha. Na kweli lori lilikuja kutoka Makindu na magunia ya unga, maharagwe na sukari, tukaliona kwa macho yetu, likapita mbele yetu likashusha mizigo yote kwenye duka la baba mkwe wake karani. Tukalima tukingoja. Jua likafika utosini. Hakuna sufuria, hakuna moshi. Mwaitu alipuliza firimbi, na majembe yote yakalala chini kwa wakati mmoja. Hivyo ndivyo mwethya usiolishwa unavyosema.

Karani akaja mbio akifoka kwamba tunamgomea Malkia. Mwaitu alimjibu kwamba hatumgomei mtu, tumbo ndilo limegoma. Kisha akanijia nilipokuwa nimeketi kando, akainama kama anayetoa mwiba mguuni.

"Nenda kapike," akaniambia.

Nilimuuliza kama amerukwa na akili. Mahindi yangu na kunde zangu ndizo za watoto mpaka mavuno mengine. Nimlishe nani, watu wanaoandaa kuninyang'anya shamba?

"Shamba ni la nani?"

"Langu."

"Basi pika. Kupika ni kwako, kuuliza niachie mimi."

Nilidhani ni njaa yake inaongea. Nilimchukia siku nzima. Lakini mtu hakatai neno la mwaitu, nikaenda nyumbani, ni karibu tu, nikachukua chungu kikubwa nikapika isyo, mahindi na kunde pamoja, na kipande cha chumvi. Mafiga niliyapanga pale pale shambani ili nisitembee. Wakala. Majembe yakainuka.

Kesho yake asubuhi niliamka na hasira zangu kwenda kuangalia ghala, nikakuta wanawake wakipita kwangu mmoja mmoja kabla ya kazi. Huyu ana kunde zimefungwa pembeni ya shuka, huyu ana pojo kwenye kibuyu, huyu kuni tatu. Hawakusema kitu. Waliweka wakaenda kulima. Hata wale waliokuwa wakinisalimia kando waliweka. Sikupungukiwa, mpaka leo naona ajabu, siku kumi na tano nililisha watu na ghala langu halikuonyesha sakafu.

Mnisamehe, najua nilipaswa kuwa na huzuni. Mume wangu alikuwa jela nisiyoijua. Lakini zile siku kumi na tano zilikuwa tamu. Tangu Emajensi ianze hatukuwa tumeketi pamoja. Sasa tulikuwa na barua ya serikali kabisa. Tulipanga mstari mmoja kuvuka shamba, mwaitu anapuliza, majembe yanaanguka pamoja, vumbi linapanda, na wimbo unatungwa hapo hapo. Walimwimba kila mtu. Mimi waliniimba kwamba isyo yangu ina mchanga kwa sababu natazama barabara ninapochagua kunde, namngojea mtu wa reli. Karani walimwimba kwamba kalamu imemea sikioni na sasa inatoa majani. Yeye alisikia akatabasamu. Wakaimba kwamba unga wa Malkia umepotea njia, aliyeuona auelekeze. Hapo hakutabasamu.

Tuling'oa visiki vyote. Kile kichaka ambacho mume wangu alikuwa ameahidi miaka mitatu, kiliisha siku tano. Tulisawazisha ardhi, tukachimba mtaro upande wa juu maji ya mvua yasiingie kwenye kibanda cha wageni, tukazungusha ua wa miiba. Maji ya kunyunyizia vumbi tuliyachimba kwenye mchanga wa mto, unangoja yajikusanye kidogo kidogo, unateka kwa kibuyu, na kwenye kungoja huko ndiko tulikocheka zaidi. Wasichana walipaka mawe chokaa kando ya barabara. Wazee walifundisha vijana ngoma ya kuruka, na mmoja aliruka akaangukia mkeka wa askari kanga, tukaogopa atapiga bunduki, kumbe askari alikuwa amelala.

Na kila siku saa ya kula, karani alikuja. Alileta kiti chake. Mwanzo alisimama kando akinusa harufu, kisha akaagiza apewe. Nilimtazama mwaitu. Mwaitu akasema mpe, tena mjazie. Nikampa. Akala, akafuta mdomo, akasema unga wa serikali unakuja, kuna shida ya lori. Siku ya pili akala. Ya tatu akala na akaomba nyongeza, mbele ya watu wote, akasema isyo ya mke wa jela ni tamu kushinda ya mkewe. Alidhani ameniumiza, na aliniumiza. Lakini mwaitu alimtazama akila kama mtu anavyotazama mbuzi anayeingia zizini mwenyewe.

Sherehe ilifana, siwezi kusema uongo. Watu walikuja toka mbali, kuna waliotembea siku nzima. Bendera ilipanda kwenye nguzo tuliyoichonga, DC akasoma karatasi, mkalimani akaifupisha mpaka ikawa maneno manne. Vijana waliruka mpaka wazungu wakasimama kwenye viti. Ng'ombe watatu walichinjwa. Kila mtoto wa shule alipewa kikombe chenye picha ya Malkia, na mwanangu mkubwa alipata, akakishika kifuani kama yai. Nilicheza. Nilicheza juu ya shamba langu, nikilikanyaga kwa nguvu, nikiliambia kwa miguu nipo.

Wiki iliyofuata niliamka nikakuta karani ameanza kuchimbia nguzo upande wa barabarani. Nilichukua jembe nikaingia kulima upande wa pili. Akamtuma askari kanga anitoe, kwamba huo ni uwanja wa serikali na yeye amekabidhiwa autunze. Nilienda kwa chifu, chifu akasema ni mambo ya ukoo. Nilienda kwa shemeji, akaniambia nimwache apumue. Mchungaji wetu alisema tuombe. Miezi ikaenda hivyo. Mwezi wa kumi mawingu yalianza kukusanyika upande wa Mtito Andei, na nguzo za karani zilikuwa zimefika kumi na mbili.

Mwanamke kwetu hakuwa na sauti mbele ya wazee katika kesi ya shamba, lazima asemewe na mume au ukoo wa mume. Mume wangu hayupo, na ukoo ndio shemeji. Mwaitu alikuja kwangu akasema hatutapeleka kesi ya shamba. Akaenda kwa wazee wa baraza la kijiji akasema mwethya una swali: umefanya kazi na haujui mwenye kazi ni nani, na zamu ya mwenye kazi kurudisha jembe kwa wenzake imefika. Hilo ni swali la mwethya, na mwethya ni wa wanawake, kwa hiyo wazee hawakuweza kumzuia kusema.

Siku hiyo tulikaa upande mmoja, wanawake wote na majembe. Karani alikaa kwenye kiti chake. Mwaitu alisimama na firimbi yake. Aliwauliza wazee mwenye kazi ni nani, na mzee mkubwa, kipofu wa jicho moja, akajibu bila kufikiri kwamba ni aliyepika. Hata mtoto anajua.

Karani akacheka. Alisema hizo ni hadithi za zamani, na hata hivyo kazi ile serikali ndiyo iliyolisha, kwa unga na maharagwe na sukari, lori zima.

"Hapo sawa," mwaitu akasema. "Basi tuonyeshe mafiga ya serikali. Tuonyeshe hata mtu mmoja aliyelamba sukari."

Nafikiri hapo ndipo karani alipoona shimo. Akishikilia kwamba serikali ilituma chakula, wazee watataka kujua kilikoenda, na kutoka kwa wazee neno lingefika kwa DC. Akisema serikali haikutuma, basi ni nani aliyelisha? Aligeuka akamtazama shemeji yangu, lakini shemeji alikuwa anakuna mguu wake.

"Mwanangu," mwaitu akamwambia karani, na aliita mwanangu kwa upole ambao ulinitisha, "siku zile kumi na tano, ulikula kwa nani?"

Kila mtu alimwona. Kila mtu alimsikia akiomba nyongeza. Askari kanga mwenyewe alikuwa pale na alianza kucheka kwa pua. Karani akasema kwa sauti ndogo kwamba alikula kwa mama yule, akaninyooshea kidole.

Mzee wa jicho moja akasema basi, kumbe hata karani alikuwa kibarua katika mwethya wa mama yule. Shamba lililimwa na mwenyewe. Malkia aliazimwa siku moja, na tunamshukuru kwa nyama. Nguzo zing'olewe kabla mvua haijanyesha, zisije zikaota. Akamwuliza karani kama anataka DC aelezwe hukumu yote pamoja na habari ya lori, au itoshe hapa. Karani akasema itoshe.

Nguzo alizing'oa mwenyewe, mbili mbili, akizibeba begani saa ambayo watu wanaenda sokoni. Mvua zilipofika shamba langu lilikuwa tayari kuliko la mtu yeyote katika lokesheni nzima. Hakuna kisiki, mtaro upo juu, ua wa miiba unazuia mbuzi, na mbolea ya ng'ombe waliofungwa pale siku tatu kabla ya kuchinjwa. Nilipanda mahindi, kunde na mbaazi. Nilivuna mwaka ule hadi nikajenga ghala la pili.

Karani hakufungwa. Unga wake aliula. Uhuru ulipokuja akawa mtu mkubwa, na sasa anavishwa maua. Shemeji yangu alikufa bila kuniomba msamaha, na mimi nilimpikia matanga yake, mjue hivyo.

Mume wangu alirudi baada ya miaka minne. Lori lilimshusha njia panda jioni, mgongo umepinda, meno mawili hayapo, na mkoba wa turubai. Nilikuwa shambani nikipima mbegu kwa kile kikombe cha Malkia, nacho ninacho hadi leo, picha imefutika imebaki taji. Hakunijia mara moja. Alisimama ukingoni, akatazama shamba kutoka mwisho hadi mwisho, akatafuta kile kichaka chake kwa macho.

"Visiki viko wapi?" akaniuliza. Hilo ndilo neno lake la kwanza kwangu baada ya miaka minne.

Nikamwambia alikuja Malkia wa Uingereza, akavunja kichaka chote, mimi nikapika.

Alidhani nimepata wazimu. Nilipoanza kumweleza, mwethya, chungu, karani na kiti chake, alianza kucheka polepole, akishika mgongo kwa maumivu, akacheka mpaka akaketi chini kwenye mstari. Kisha akavua viatu akaniomba nimpe zile mbegu. Tulipanda mstari mmoja kabla giza halijaingia.